Kuchaji Laptopu Ndani ya Ndege: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafiri wa Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wanaorudi vyuoni Uturuki, India na China, wafanyabiashara wa Dubai na Guangzhou, na yeyote anayeondoka visiwani na kazi isiyoweza kusubiri ashuke. Mimi ni fundi wa laptopu, na maswali haya naletewa dukani kila msimu wa safari unapoanza. Msimamo wangu ni mmoja: umeme wa kwenye kiti uhesabu kuwa ni ziada. Panga safari kwa betri iliyojaa nyumbani na pawabenki inayokubalika. Ukikuta umeme, alhamdulillahi. Usipoukuta, kazi yako isisimame.

Fundi, kwani kila ndege ina pa kuchajia?

Si kila ndege. Zile ndege ndogo aina ya Cessna Caravan zinazotupeleka Chake Chake, usizitarajie kabisa, na safari yenyewe ni kama nusu saa tu. Ndege za panga boi za ATR na Dash 8 zinazokwenda Dar es Salaam nazo ni za safari fupi, uzichukulie kuwa hazina.

Suala linaanza kwenye safari ndefu: Doha, Dubai, Muscat, Istanbul. Huko ndege nyingi zina soketi au angalau tundu la USB, lakini ndege mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Moja mpya ina kila kitu, nyingine ya zamani ina USB ya simu tu, na ndege hubadilishwa hata siku ya safari. Kwenye tiketi yako au tovuti ya kampuni utaona aina ya ndege. Soma pia ukurasa wa huduma za kwenye kiti. Angalia kama wametaja soketi ya laptopu au USB peke yake, maana watu wengi husoma neno "kuchaji" wakaridhika, kumbe ni kuchaji simu.

Soketi yenyewe iko wapi? Nilitafuta safari nzima sikuiona.

Mara nyingi iko chini, mbele ya ukingo wa kiti chako, baina ya miguu yako na ya jirani. Huioni ukiwa umekaa. Unaipapasa kwa mkono au unainama. Kwenye baadhi ya ndege iko nyuma ya kiti cha mbele, karibu na skrini, au chini ya egemeo la mkono. Safu ya viti vitatu mara nyingi ina soketi mbili tu, kwa hivyo zungumza na jirani mapema. Mwambie unataka saa moja, kisha umpishe. Watu huelewana.

Soketi nyingi zina taa ndogo ya kijani inayoonesha kuwa umeme upo. Nyingine hazitoi umeme mpaka zihisi pini mbili zimeingia kwa pamoja. Ukichomeka polepole au kwa upande, pini moja ikatangulia, soketi inakaa kimya. Hili ndilo linalowafanya wengi waseme "mbovu" na kuacha. Chomoa kabisa, subiri kidogo, kisha ingiza moja kwa moja kwa msukumo mmoja. Ikikataa mara mbili tatu, mwite mhudumu umuombe kwa adabu aangalie kama umeme wa viti umewashwa, kwa sababu wao wana swichi yake. Aghalabu huzimwa wakati wa kuruka na kutua.

Plagi yangu ni ya pini tatu za bapa, hii yetu ya kawaida. Itaingia?

Soketi nyingi za ndege zimetengenezwa zipokee plagi za aina kadhaa, na nyingine zinapokea hata hii yetu tuliyoirithi kwa Waingereza. Lakini usiitegemee, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuna ndege ambazo soketi zake hazina tundu la pini ya tatu. Ya pili, soketi zilizotumika sana zimelegea, na plagi yetu ni nzito. Unaichomeka, ndege inatikisika kidogo, plagi inaning'inia, umeme unakatika bila wewe kujua.

Dawa yake ni rahisi. Waya wa chaja nyingi za laptopu unachomoka kutoka kwenye kile kiboksi chake. Nenda duka la vifaa vya umeme, Darajani au Mlandege, na hiyo chaja mkononi, utafute waya unaoingia kwenye kiboksi chako ambao upande wa pili una plagi ya pini mbili nyembamba za duara. Ijaribu pale pale dukani kabla ya kulipa. Waya huo ni mwepesi, haudondoki ovyo, na utakufaa pia ukishuka Istanbul au Addis Ababa.

Na tafadhali, ile tabia ya majumbani mwetu ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili pini mbili ziingie, iache nyumbani. Ndani ya ndege usitie kitu chochote kwenye soketi isipokuwa plagi.

Kabla ya kuondoka zitazame pini zako. Hewa yetu ina chumvi, na pini za chaja iliyokaa karibu na pwani hupata ukungu wa kijani au weusi. Zisugue kwa kitambaa kikavu, chaja ikiwa haijachomekwa, mpaka zing'are. Nimepokea chaja kadhaa "zilizokufa" ambazo tatizo lake lilikuwa hilo tu.

Nasikia umeme wa ndege ni volti 110. Hautaiharibu laptopu yangu ya volti 230?

Hautaiharibu. Geuza chaja yako usome maandishi madogo mgongoni. Ukikuta 100–240V na 50/60Hz, chaja hiyo inajirekebisha yenyewe popote duniani, na chaja za laptopu za leo karibu zote ziko hivyo. Huhitaji transfoma wala kibadilishi. Unachohitaji ni plagi inayoingia, basi.

Nimechomeka, taa ikawaka, baada ya dakika chache ikazima. Kwa nini?

Uliomba umeme mwingi kuliko ule soketi iliyopangiwa. Nyumbani soketi moja inabeba hata pasi. Kwenye ndege kila kiti kinagaiwa sehemu ndogo tu ya umeme, na kwenye mifumo mingi ya zamani kiasi hicho ni kama wati 75. Ukizidisha, soketi inajizima ili kulinda mfumo.

Sasa soma tena chaja yako. Laptopu ndogo za ofisini zina chaja ya wati 45 au 65, hizo zinapita vizuri. Zenye wati 90 zinaweza kusumbua. Zile za michezo na za kuhariri video, zenye chaja ya wati 180 au 240, karibu kila mara zitazima soketi.

Laptopu hula umeme mwingi zaidi pale inapofanya mambo mawili kwa pamoja: kujaza betri iliyo tupu na kuendesha kazi nzito. Ondoa moja. Ifunge kabisa, iache ichaji ikiwa imezimwa, kisha uitumie kwa betri. Au ingia kwenye ndege na betri ikiwa imejaa tangu mwanzo, ili soketi iwe na kazi ya kuiendesha tu. Punguza mwanga wa skrini, weka hali ya kuokoa umeme. Na kama laptopu yako inachaji kwa USB-C, beba chaja ndogo ya wati 45: itajaza taratibu, lakini haitazima. Kwenye safari ya saa sita, taratibu inatosha.

Tundu la USB la kwenye kiti linaweza kuchaji laptopu?

Lile pana la zamani, hapana. Linatoa volti 5 na wati kama kumi, ni la simu. Lile dogo la mviringo, USB-C, kwenye viti vipya linaweza kutoa hadi wati 60, na hilo laptopu inalielewa. Lakini si kila USB-C ya kwenye kiti ina nguvu hiyo. Nyingine ni za simu vile vile.

Pawabenki ya ukubwa gani inaruhusiwa?

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo watu wanaponyang'anywa vitu vyao pale kwenye ukaguzi.

Kanuni za kimataifa hazipimi kwa mAh, ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye pawabenki. Zinapima kwa wati-saa, Wh. Hesabu yake: chukua mAh, gawa kwa 1,000, zidisha kwa volti za betri ya ndani, ambazo kwa kawaida ni 3.7. Kwa hivyo:

- 10,000 mAh ni Wh 37
- 20,000 mAh ni Wh 74
- 27,000 mAh ni Wh 99.9, imefika ukingoni
- 30,000 mAh ni Wh 111
- 50,000 mAh ni Wh 185

Chini ya Wh 100 unapita. Baina ya 100 na 160 lazima upate ruhusa ya kampuni ya ndege kabla, na zisizidi mbili. Zaidi ya 160 abiria haruhusiwi kabisa, awe na barua au hana.

Sasa sikiliza hili. Madukani kwetu kuna pawabenki zimeandikwa 50,000 mAh, nyepesi kama sabuni ya kipande. Ndani yake hakuna kiasi hicho hata robo. Lakini askari wa ukaguzi hapimi kilichomo ndani, anasoma kilichoandikwa. Umenunua uongo, na uongo huo huo ndio unaokunyang'anyisha. Pawabenki ya kweli ya 20,000 mAh ina uzito wa gramu mia tatu na kitu au mia nne na kitu, ukiishika unauhisi. Na isiyo na maandishi, au yaliyofutika kwa jasho na kusuguana mfukoni, nayo inaweza kukataliwa. Kama maandishi yako yameanza kufutika, nunua nyingine kabla ya safari.

Kwa laptopu, hakikisha imeandikwa PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa kupitia USB-C) na inatoa angalau wati 45, bora 65. Pawabenki yenye USB za simu peke yake haitaichaji laptopu hata ikiwa na mAh nyingi kiasi gani. Ya Wh 74, ukiondoa unaopotea njiani kama joto, itakujazia laptopu ndogo karibu mara moja nzima, si zaidi. Hicho ndicho kipimo ninachompendekezea kila mwanafunzi.

Nikishapita nayo ukaguzi, si naitumia tu?

Zamani ndivyo. Siku hizi uliza kila kampuni. Singapore Airlines ilipiga marufuku kuitumia na kuichaji ndani ya ndege kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Emirates ilifuata tarehe 1 Oktoba 2025: abiria anabeba moja tu, iwe chini ya Wh 100, maandishi yaonekane, haiwekwi kwenye kabati la juu, na haitumiki wala haichajiwi ndani ya ndege.

China ina lake. Tangu tarehe 28 Juni 2025, kwenye ndege za ndani ya nchi ile pawabenki lazima iwe na alama ya 3C, yaani cheti cha usalama cha China. Mtu wa Guangzhou anayeunganisha kwenda mji mwingine anaweza kutoka Zanzibar vizuri, akafika huko, na akaachishwa pawabenki yake kwenye safari ya pili. Kwa hiyo soma kanuni za safari zote mbili.

Ukali huu una sababu yake. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan aina ya Airbus A321 ilishika moto ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Moto ulianzia kwenye kabati la juu, na wachunguzi walisema huenda chanzo ni pawabenki. Watu wote 176 waliokuwamo waliokolewa. Fikiria ingekuwa angani, juu ya bahari.

Kwa nini nisiitie kwenye begi kubwa tu, nipumzike?

Kwa sababu ikishika moto kule chini hakuna mtu wa kuiona. Ndani ya kabini kuna wahudumu waliofundishwa na kuna maji. Pawabenki na betri zozote za akiba ni za begi la mkononi, pasi na mjadala.

Sisi watu wa visiwani tuna mtego wetu. Kwenye ndege ndogo za Pemba hakuna kabati la juu, na begi lako la mkononi huchukuliwa likawekwa nyuma au chini ya tumbo la ndege. Kwenye ATR pia wakati mwingine mabegi hukusanywa mlangoni. Kabla hujalitoa begi, chomoa pawabenki na laptopu uzishike. Tumia mfuko mdogo wa kitambaa kwa vitu hivi, ili ukiambiwa "begi tupe" uchomoe mfuko mmoja tu bila kuzuia foleni.

Na laptopu yenyewe?

Bora ikae nawe. Ukilazimika kuitia kwenye mzigo wa chini, izimwe kabisa, isiwe imelala usingizi tu, na izungushiwe nguo isigongwe.

Usisafiri na laptopu iliyovimba. Dalili: kipande cha kugusia kimenyanyuka, kifuniko hakifungi sawa, au ukiiweka juu ya meza ya kioo inacheza. Ilete kwa fundi. Usiibonyeze irudi.

Na hili kwa wanaonunua mitumba ya Dubai: mwezi Juni 2019 Apple iliita zirudishwe baadhi ya MacBook Pro za inchi 15, toleo la katikati ya 2015, zilizouzwa baina ya Septemba 2015 na Februari 2017, kwa sababu betri zake zinaweza kupata moto kupita kiasi. Betri iliyoitwa irudishwe hairuhusiwi ndegeni mpaka ibadilishwe. Zipo nyingi mikononi mwa watu hapa. Tovuti ya Apple inakuruhusu kuingiza namba ya mashine yako na kujua.

Jamaa kaniambia laptopu zimekatazwa kwa wanaokwenda Marekani kupitia Doha na Dubai.

Ni habari ya zamani. Mwezi Machi 2017 Marekani ilizuia vifaa vikubwa kuliko simu kuingia kabini kwa ndege zinazotoka viwanja kumi, zikiwemo Doha, Dubai, Abu Dhabi na Istanbul. Zuio hilo liliondolewa kufikia Julai mwaka huo huo. Kilichobaki ni kwamba unaweza kuombwa uiwashe laptopu kwenye ukaguzi ili ionekane ni laptopu kweli. Ikiwa imekufa chaji, unaweza kuzuiwa kuipandisha. Sababu nyingine ya kutofika uwanjani na betri tupu.

Betri yangu itakaa saa ngapi?

Piga hesabu, usikisie. Kazi ya kuandika, mwanga wa skrini ukiwa wa chini na Wi-Fi imezimwa, hula kama wati 6 hadi 10. Betri ya Wh 50 iliyo nzima, kwa wati 10, inakupa saa tano. Hiyo ni karibu safari nzima ya Dubai. Ukiangalia filamu, punguza.

Neno muhimu hapo ni "iliyo nzima". Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Kama ya leo ni nusu ya ile ya kwanza, hata uichaji usiku kucha utapata nusu tu ya zile saa ulizohesabu. Badilisha betri mwezi mmoja kabla ya safari, si siku mbili kabla, kwa sababu ya asili huenda ikabidi iagizwe.

Kabla ya kupanda, pakua ndani ya mashine kila unachokihitaji, kisha weka hali ya ndege. Laptopu inayohangaika kutafuta mtandao usiokuwepo inakula betri bure.

Umeme ukikatika usiku wa kuamkia safari?

Watu wa Unguja hili hatuhitaji kuhadithiwa. Waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara ulipoharibika, tulikaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi hukatika kwa saa, lakini saa hizo zikiangukia usiku wako wa safari zinatosha kukuharibia. Chaji laptopu na pawabenki mchana wa siku moja kabla, mara tu baada ya adhuhuri, usisubiri usiku. Na usizichaji juu ya godoro au chini ya mto. Ziweke juu ya sakafu au meza, zipate hewa.

Nikishuka kuunganisha, plagi yetu inafaa?

Doha, Dubai, Muscat, Jeddah na Nairobi wanatumia hii hii ya pini tatu za bapa. Istanbul na Addis Ababa ni pini mbili za duara, ndio maana nikakwambia ununue ule waya. China beba adapta.

Pawabenki au simu ikianza kupata moto sana mkononi nifanye nini?

Chomoa waya, mwite mhudumu mara moja, usione haya. Usiifiche mfukoni wala usiirudishe kwenye begi. Ikiwa imevimba, inatoa harufu kali au moshi, sogea na umwachie yeye.

Na simu ikidumbukia katikati ya kiti, usisogeze kiti kuitafuta. Kiti kinachosogea kinaweza kuiponda, na betri iliyopondwa ndiyo inayowaka. Mwite mhudumu aitoe.

Mimi napiga picha za harusi, nina betri za kamera nyingi.

Zote kabini, kila moja kwenye kifuko chake. Zile zenye vichwa vya chuma vilivyo wazi, zizibe kwa utepe wa plastiki wenye gundi ili zisigusane na funguo au sarafu. Ukiwa na betri ya taa au ya droni, soma Wh yake kama ulivyosoma ya pawabenki; zile kubwa za taa mara nyingi huvuka 100, na kwa hizo piga simu kwa kampuni ya ndege wiki moja kabla na uombe ruhusa kwa maandishi.